Namna ya Kuchora Ukoo wa Mfalme Svend Estridsen wa Denmark: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Anayeanza kuchora ukoo wa wafalme wa Denmark wa zama za kati kwa kawaida huchukua orodha ya wafalme, akaipanga kutoka juu kwenda chini, kisha akaanza kuunganisha majina kwa mistari. Kazi hukwama karibu na mwaka 1150, maana hapo anakuta wanaume watatu wanaogombea ufalme mmoja, wote wa damu moja na wa kizazi kimoja. Orodha ya wafalme inamwambia nani alikalia kiti baada ya nani, lakini haimwambii kiti kilimfikiaje. Katika ukoo huu, mara nyingi kilimfikia kupitia mwanamke: mama, bibi, au binti aliyeolewa mbali, ambaye orodha haimtaji kabisa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwa mtu mmoja, Svend Estridsen, aliyetawala Denmark kuanzia 1047 hadi 1076, na unashuka kwa wazao wake ukishika akina mama kila panapokatika. Wana wake watano walitawala mmoja baada ya mwingine, na wafalme wote wa Denmark waliofuata, hadi Frederik X aliyeingia madarakani Januari 2024, wana damu yake. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio utapata shajara, yaani mchoro wa ukoo, ya vizazi 13 isiyo na pengo, na utaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini kila mstari umechorwa ulipochorwa.

Hatua ya 1: Andaa kadi, namba na tahajia

Unaweza kutumia programu ya bure ya nasaba kama Gramps, lakini kwa vizazi vitano vya mwanzo nashauri karatasi kubwa na kadi za mkono. Macho yanahitaji kuona matawi yote kwa mara moja, hasa pale ndugu wanapooana na kuuana.

Kila mtu apate kadi moja yenye mambo saba: jina na lakabu, baba, mama, miaka, mwenza, watoto, na nani aliyetoa habari hiyo. Sehemu ya mama usiiache wazi hata kidogo. Kama mama hajulikani, andika "suria, jina halijulikani". Nafasi ikiachwa wazi, siku moja utaijaza kwa jina la mke wa ndoa bila kufikiri, na watoto wote watakuwa wa tumbo ambalo hawakutoka.

Namba ziende hivi: Svend ni 1. Watoto wake ni 1.1, 1.2, 1.3 na kuendelea. Mtoto wa tatu wa 1.4 anakuwa 1.4.3. Kanuni ya kawaida ni kufuata mpangilio wa kuzaliwa, lakini kwa watoto wa Svend mpangilio huo haujulikani vizuri, kwa hiyo anza na wana watano waliotawala kwa zamu zao, kisha wengine wafuate. Uzuri wa namba hizi ni kwamba urefu wake unakuonyesha kizazi papo hapo: tarakimu mbili ni mtoto, tatu ni mjukuu, nne ni kitukuu, tano ni kilembwe.

Kuhusu majina, chagua tahajia ya Kidenmark na usiiache. Knud utamkuta kwingine ameandikwa Canute, Cnut au Knut. Svend ataitwa Sweyn au Sven. Ni watu walewale. Pia usiandike namba ya mfalme peke yake bila lakabu. Oluf mtoto wa Margrete, kwa mfano, wengine humhesabu wa pili na wengine wa tatu. Lakabu hazina ugomvi: Harald Hen, Oluf Hunger, Erik Ejegod, Erik Emune, Erik Lam, Valdemar Atterdag.

Mwisho wa kadi weka herufi ya uhakika. A ni kwa mtoa habari aliyemjua mhusika au aliyeishi karibu naye. Adam wa Bremen, padre aliyezungumza na Svend mwenyewe na kuandika aliyoyasikia, anapata A. Ælnoth, mtawa Mwingereza aliyeishi Odense na kuandika maisha ya Knud mtakatifu, naye anastahili A kwa mambo ya Odense. B ni kwa Saxo, aliyeandika karibu na mwaka 1200 kwa kuagizwa na Askofu Mkuu Absalon. Saxo anajua mengi, lakini Absalon alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Valdemar wa Kwanza, kwa hiyo tawi la Valdemar limeandikwa kwa upendo na matawi mengine kwa ukali. C ni kwa masimulizi ya Kiaislandi ya karne ya 13, ambayo yanataja watoto wengi wa Svend kwa majina lakini yameandikwa mbali na baada ya muda mrefu.

Hatua ya 2: Weka mzizi mahali pake

Baba yake Svend ni Ulf mwana wa Thorgils, mtu mwenye cheo cha jarl, yaani mkuu aliyekuwa chini ya mfalme tu. Mama yake ni Estrid, binti wa mfalme Svend Tveskæg na dada wa Knud Mkuu aliyetawala Uingereza, Denmark na Norwe kwa pamoja. Mwaka 1026 Knud aliamuru shemeji yake Ulf auawe, na akauawa Roskilde. Svend, akiwa kijana, mjomba wake ndiye aliyekuwa ameagiza kifo cha baba yake.

Jarl hakuwa na damu ya kifalme ya kumrithisha mwanawe. Haki ya Svend kwa ufalme ilitoka kwa mama, na ndiyo maana katika nchi ambako kila mtu huitwa kwa jina la baba, yeye aliitwa mwana wa Estrid. Kwenye karatasi mchore Estrid kwa mstari mnene kuliko wa Ulf.

Upande wa Ulf usiuache hata hivyo. Chora dada yake Gytha, shangazi yake Svend, aliyeolewa Uingereza na Godwin. Mtoto wake Harold ndiye mfalme wa Uingereza aliyekufa katika vita vya Hastings mwaka 1066. Kwa hiyo Svend na Harold walikuwa mabinamu: mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Wengi hukata tawi hili kwa kuona ni habari za Uingereza. Utalihitaji katika hatua ya 7.

Hatua ya 3: Watoto wa Svend, kwanza mabinti

Svend alioa, lakini Askofu Mkuu Adalbert wa Bremen alimlazimisha kuachana na mkewe kwa sababu ya udugu wa damu. Watoto wake wanaofahamika hawapungui 20, na karibu wote walizaliwa na masuria. Kanisa halikupenda, ila desturi ya nchi ilimtambua mtoto aliyetambuliwa na baba yake, na mfalme alipatikana kwa kukubaliwa na baraza la watu huru. Mtoto wa suria aliweza kusimama mbele ya baraza hilo sawa na mwingine yeyote.

Anza na mabinti, kwa sababu ndoa zao zinaeleza siasa za baba yao:

- Sigrid aliolewa na Gottschalk, mtawala wa Waobotriti, Waslavi wa pwani ya kusini ya Baltiki. Gottschalk aliuawa 1066. Mtoto wao Heinrich baadaye alitawala watu hao kutoka Lübeck ya kale.
- Ingerid aliolewa na Olav Kyrre, mfalme wa Norwe. Wakati huohuo Oluf Hunger, mwana wa Svend, alimwoa Ingegerd, dada wa Olav. Hiyo ni ndoa ya kubadilishana mabinti, iliyokuja baada ya amani ya 1064 kati ya Svend na Harald Hardråde, baba yake Olav, aliyempiga vibaya kwenye vita vya Nisså mwaka 1062.

Wana wasiotawala waandike kwa ufupi. Benedikt, aliyekufa pamoja na kaka yake Odense, apewe A. Svend anayesemekana kuuawa Anatolia mwaka 1097 akiwa njiani kwenda Yerusalemu na jeshi la msalaba apewe C.

Hatua ya 4: Ndugu watano waliotawala

Wapange hivi: 1.1 Harald Hen (1076–1080), 1.2 Knud Mtakatifu (1080–1086), 1.3 Oluf Hunger (1086–1095), 1.4 Erik Ejegod (1095–1103), 1.5 Niels (1104–1134). Ufalme ulikwenda kwa ndugu kabla ya kushuka kwa wana, na utaratibu huo ulifanya kazi vizuri hadi ndugu walipokwisha na wana wao wakabaki wakitazamana.

Harald na Oluf hawatakusumbua, kwa kuwa hakuna mfalme aliyetoka kwao. Simama kwa Knud.

Knud alikusanya merikebu mwaka 1085 ili avamie Uingereza, nchi iliyokuwa ya Knud Mkuu, kaka wa bibi yake Estrid. Safari haikufanyika, watu wakatawanyika, naye akawatoza faini nzito. Mwaka uliofuata Jutland, rasi kubwa ya magharibi mwa Denmark, iliasi. Alikimbilia Odense, akaingia kanisa la mbao la Mtakatifu Alban, na tarehe 10 Julai 1086 akauawa mbele ya altare pamoja na Benedikt na wafuasi 17. Mwaka 1101 mifupa yake iliinuliwa kwa heshima ya mtakatifu, na hadi leo masanduku mawili ya mifupa yamo katika kanisa kuu la Odense linaloitwa kwa jina lake.

Sasa angalia karatasi yako. Mke wa Knud, Adela wa Flanders (katika Ubelgiji ya leo), alirudi kwao akiwa na mtoto wa kiume, Karl. Huyo alikuja kuwa mtawala wa Flanders mwaka 1119, na tarehe 2 Machi 1127 aliuawa akiwa amepiga magoti akisali kanisani Bruges. Baba na mwana, wote wamechinjwa kanisani. Karl hakuacha mtoto, na shajara nyingi zinafunga tawi la Knud hapo.

Tawi halikufungwa. Mabinti wa Knud, Ingegerd na Cecilia, waliishia Uswidi. Saxo anasema Ingegerd aliolewa na Folke, na kutoka kwao ukashuka ukoo wa Bjelbo, uliokuja kumtoa Birger Jarl na wafalme wa Uswidi. Weka B, chora mstari, na uache nafasi kubwa upande wa kulia wa karatasi, kwa sababu katika hatua ya 8 tawi hili litakutana na lingine.

Hatua ya 5: Tawi la Erik, na mauaji ya Haraldsted

Erik Ejegod alifunga safari ya kuhiji Yerusalemu na akafia Paphos, kisiwa cha Saiprasi, Julai 1103. Mkewe Boedil aliendelea na safari, akafika, akafia huko. Watoto wa kuandika ni wanne: 1.4.1 Harald Kesja, 1.4.2 Erik Emune, 1.4.3 Knud Lavard, 1.4.4 Ragnhild. Mtoto wa ndoa ya Boedil ni Knud Lavard peke yake. Baba alipofariki, Knud alikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo ufalme ulikwenda kwa baba yake mdogo, Niels.

Knud alikulia kwa mabwana wa Ujerumani na akawa mkuu wa Schleswig, mpakani. Mwaka 1129 alipata pia utawala wa Waobotriti, watu walewale waliotawaliwa na Heinrich, mtoto wa shangazi yake Sigrid. Hapa unaona faida ya kuanza na mabinti katika hatua ya 3: bila Sigrid, cheo hiki kinaonekana kimeanguka kutoka mbinguni.

Magnus, mwana pekee wa Niels aliyekuwa hai na mwenye kutazamia kumrithi baba yake, akaona ndugu yake anakuwa mkubwa mno. Tarehe 7 Januari 1131, baada ya sikukuu za Krismasi zilizowakutanisha wote Roskilde, Magnus alimwita Knud wakutane msituni karibu na Haraldsted, nje ya Ringsted, akamuua. Mkewe Knud, Ingeborg, alikuwa mjamzito. Tarehe 14 Januari, siku saba baadaye, alijifungua mtoto wa kiume na kumwita kwa jina la babu wa upande wake, Vladimir wa Kiev. Kwa Kidenmark ikawa Valdemar.

Kwenye kadi ya Valdemar andika tarehe zote mbili. Mtoto huyu hakumwona baba yake. Damu ya baba ilimpa madai, lakini jina, malezi ya mwanzo na ulinzi vilitoka kwa mama.

Hatua ya 6: Miaka ya wafalme wengi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tumia namba na mambo yatanyooka.

Erik Emune aliinuka kulipiza kisasi cha ndugu yake. Juni 1134, huko Fodevig, alilishinda jeshi la Niels. Magnus aliuawa na maaskofu watano waliokuwa upande wake wakafa naye. Niels alikimbilia Schleswig, mji wa watu wa Knud Lavard, na raia wakamuua. Emune akatawala hadi alipouawa barazani mwaka 1137, lakini kabla ya hapo alimuua kaka yake Harald Kesja na karibu wana wote wa Harald. Akafuata Erik Lam, mtoto wa Ragnhild, huyo 1.4.4. Erik Lam alipata ufalme kwa mama yake, na mwaka 1146 akauacha kwa hiari, jambo ambalo hakuna mfalme wa Denmark aliyelirudia hadi Malkia Margrethe II mwaka 2024.

Baada ya hapo wanabaki watatu:

- Svend Grathe, 1.4.2.1, mwana wa Erik Emune
- Valdemar, 1.4.3.1, mwana wa Knud Lavard
- Knud wa Tano, 1.5.1.1, mwana wa Magnus

Tazama namba: zote zina tarakimu nne. Wote watatu ni vitukuu vya Svend Estridsen, na hakuna aliye karibu na mzizi kuliko mwenzake. Hilo ndilo lililoifanya vita ya miaka kumi ishindwe kumalizwa kwa hoja. Mwaka 1157 waliigawa nchi sehemu tatu, wakala karamu ya amani Roskilde mwezi Agosti, na usiku wa karamu hiyo watu wa Svend wakawavamia wenzake. Knud aliuawa. Valdemar alijeruhiwa pajani, akatoroka gizani. Tarehe 23 Oktoba, Grathe Hede, Svend alishindwa na kuuawa, Valdemar akabaki peke yake.

Onyo moja kubwa. Valdemar alimwoa Sofia, dada wa Knud wa Tano. Usimweke Sofia chini ya 1.5. Yeye na Knud walichangia mama tu, Rikissa wa Poland, aliyekuwa mjane wa Magnus kabla ya kuolewa tena na mtawala wa Minsk. Kwa maneno mengine, Valdemar alimwoa binti wa mjane wa mtu aliyemuua baba yake, lakini binti huyo hakuwa na tone la damu ya muuaji. Nimeona kosa hili mara nyingi kwenye michoro ya watu, na likishaingia linaharibu mahesabu yote ya udugu ya karne ya 13.

Hatua ya 7: Panda upande wa mama

Chukua karatasi mpya, mwandike Valdemar chini kabisa, kisha panda pande zote mbili.

Upande wa baba: Valdemar, Knud Lavard, Erik Ejegod, Svend Estridsen, Ulf, Thorgils. Ni hatua tano.

Upande wa mama: Valdemar, Ingeborg, Mstislav wa Kiev, Gytha binti Harold, Harold Godwinson, Gytha mke wa Godwin, Thorgils. Ni hatua sita.

Mistari miwili imekutana kwa Thorgils. Yule shangazi uliyemchora katika hatua ya 2 ndiye bibi wa bibi ya Ingeborg kwa mpangilio huu, na Valdemar ni mzao wa Ulf na wa dada yake Ulf kwa pamoja. Wala haikutokea kwa bahati tu. Baada ya Hastings, binti wa Harold alikimbilia kwa ndugu wa baba yake, mfalme Svend wa Denmark, na Saxo anasema Svend ndiye aliyemwoza kwa Vladimir wa Kiev. Svend alimhifadhi yatima wa binamu yake, na kitukuu wa yatima huyo akawa mwanzilishi wa nguvu mpya ya ukoo wa Svend mwenyewe. Katika hatua zote za kazi hii, hakuna inayonifurahisha kama hii.

Kuna fundo la pili. Mama yake Ingeborg alikuwa Kristina, binti wa mfalme Inge wa Uswidi. Mama yake Magnus muuaji alikuwa Margareta, dada wa Kristina. Kwa hiyo Magnus alimuua mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye pia alikuwa mume wa mtoto wa mama yake mkubwa au mdogo. Chora mstari mwekundu kati ya akina dada hao wawili.

Hatua ya 8: Mabinti wa Valdemar

Wana wawili wa Valdemar na Sofia walitawala: Knud wa Sita (1182–1202) na Valdemar Sejr (1202–1241). Mabinti ndio waliosambaza ukoo Ulaya nzima.

Ingeborg aliolewa na Philippe II wa Ufaransa huko Amiens, Agosti 1193. Siku iliyofuata harusi mfalme alimkataa. Miezi michache baadaye baraza la maaskofu wake lilitangaza kuwa ndoa ni batili kwa sababu ya udugu kati ya Ingeborg na marehemu mke wa kwanza wa mfalme, Isabella wa Hainaut, na ushahidi ulikuwa shajara ya ukoo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ingeborg alikuwa msichana, hajui Kifaransa, yuko peke yake ugenini, lakini aligoma kukubali na akakata rufaa Roma. Denmark ilijibu kwa silaha ileile: Abati Vilhelm wa Æbelholt, Mfaransa aliyekuwa akiishi Denmark, aliandika nasaba ya wafalme wa Denmark kuonyesha kuwa udugu unaodaiwa haupo. Ingeborg aliteseka kizuizini miaka karibu 20 hadi aliporudishwa mwaka 1213, na hakupata mtoto. Mwandike hivyohivyo, bila mzao, lakini mpe kadi ndefu. Hakuna anayestahili zaidi heshima ya kuandikwa sawasawa katika shajara hii kuliko mwanamke aliyenyang'anywa ndoa kwa shajara ya uongo.

Rikissa aliolewa na Erik Knutsson, mfalme wa Uswidi. Binti yao Ingeborg aliolewa na Birger Jarl, na wana wao Valdemar na Magnus Ladulås walikuwa wafalme. Sasa rudi kwenye ile nafasi uliyoiacha wazi katika hatua ya 4: Birger ni wa 1.2, mkewe ni wa 1.4. Waunganishe. Wazao wa Knud aliyeuawa Odense na wa Erik kaka yake wamekutana katika nyumba moja.

Helena aliolewa na Wilhelm wa Lüneburg. Mtoto wao Otto alifanywa mtawala wa kwanza wa Braunschweig-Lüneburg mwaka 1235, na kutoka kwake ulishuka ukoo wa Hannover, ulioipa Uingereza mfalme George I mwaka 1714. Hapo ndipo anapotokea hata Elizabeth II, aliyepata habari za kuwa malkia akiwa Sagana, Kenya, Februari 1952.

Hatua ya 9: Kutoka 1241 hadi 1448

Valdemar Sejr aliacha wana watatu wa mke wake wa pili, Berengaria wa Ureno, na wote walitawala: Erik Plovpenning, aliyeuawa 1250, Abel, ndugu anayeshutumiwa kuagiza mauaji hayo, aliyeuawa 1252, na Christoffer wa Kwanza. Fuata Christoffer, kwa sababu mstari wa wafalme uko kwake: Erik Glipping (aliyeuawa Finderup 1286), Erik Menved, Christoffer wa Pili, Valdemar Atterdag, kisha Margrete wa Kwanza aliyeziunganisha Denmark, Norwe na Uswidi kwa Muungano wa Kalmar mwaka 1397. Mwanawe Oluf alikufa 1387; mstari wa wanaume ulikuwa umekwisha kuishia kwa Valdemar Atterdag mwaka 1375.

Mwaka 1448 Wadenmark walimchagua Christian wa Oldenburg, na michoro mingi huandika "ukoo mpya". Ni mpya kwa baba tu. Rudi kwa Erik Glipping, mwache Menved, na mshike binti yake Rikissa:

Rikissa aliolewa na Nikolaus wa Pili wa Werle. Binti yao Sofia aliolewa na Gerhard wa Tatu wa Holstein, yule aliyeuawa Randers mwaka 1340. Mwana wao ni Heinrich wa Pili, mwanawe Gerhard wa Sita, na binti wa huyo ni Hedwig, aliyeolewa na Dietrich wa Oldenburg. Mtoto wa Hedwig ni Christian wa Kwanza.

Katika mstari huo wanawake watatu, Rikissa, Sofia na Hedwig, ndio daraja la pekee. Mkose mmoja, na historia ya ufalme wa Denmark inaonekana kukatika vipande viwili. Kutoka kwa Christian unashuka kwa Frederik wa Kwanza, Christian wa Tatu na mwanawe Hans, hadi Christian IX aliyetawala kuanzia 1863, na kutoka kwake hadi leo.

Hatua ya 10: Kagua kazi yako

Kwanza hesabu miaka. Kutoka Svend hadi Christian wa Kwanza kuna watu 13, yaani vipindi 12 vya kuzaa. Svend alizaliwa karibu na 1019, Christian 1426. Gawanya tofauti, miaka 407, kwa 12: unapata karibu 34. Huo ni wastani unaoaminika. Ukipata 20 au 50, kuna mtu umemwongeza au umemruka.

Pili, tafuta watu waliojirudia. Thorgils lazima aonekane mara mbili katika karatasi ya Valdemar. Kwenye programu, usimtengenezee kadi ya pili. Unganisha mistari yote miwili kwenye kadi moja, la sivyo hesabu ya udugu itakuwa ya uongo.

Tatu, linganisha na makaburi, lakini kwa tahadhari. Kanisa la Bendt huko Ringsted lina kaburi la Valdemar wa Kwanza, Sofia, Knud wa Sita na Valdemar Sejr na wake zake wawili, Dagmar na Berengaria, na linakubaliana vizuri na shajara. Kanisa kuu la Roskilde ni tofauti. Mifupa ya Svend imo ndani ya nguzo moja ya kanisa hilo, na kwa karne nyingi mwanamke aliyezikwa katika nguzo nyingine aliaminika kuwa mama yake, Estrid. Wanasayansi walipochukua meno ya wote wawili na kulinganisha chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama tu, hazikulingana. Mwanamke yule hawezi kuwa mama yake Svend. Wengi sasa wanadhani ni mke wa Harald Hen. Kwenye kadi ya Estrid, sehemu ya kaburi, futa Roskilde uandike "hapajulikani", na herufi A ya uzazi wake ibaki palepale, kwa sababu ushahidi wa kuwa Svend ni mwanawe haukuwahi kutegemea nguzo ile.